Kalamu Mbili

Visanduku kumi na vinane. Nilitia alama kumi na vinne.
Hatulii kitini. Hamalizi kazi. Hupoteza mstari aliokuwa akiusoma.
Nilitumia wino wa kijani, ule wa kusahihishia hesabu,
mvua ya Valdivia ikigonga bati kama kawaida yake ya Juni,
jiko la kuni likinuka soksi za watoto zilizoanikwa.

Huku watoto humwita mwalimu shangazi.
Basi ni shangazi aliyeandika, si mgeni:
Amaro Catrileo, miaka minane, akili haikai.

Ushahidi nilikuwa nao.
Alianza sentensi, akafika katikati, akaangukia sentensi ya tatu
kama mtu aliyekosa kidato cha ngazi gizani.
Alifunika jicho moja kwa kiganja; nikadhani ananichezea.
Alilaza shavu mezani. Aliomba kwenda chooni
kila tulipofungua kitabu,
na kamwe si nilipowasimulia hadithi kwa mdomo.
Hapo ndipo ningeshtuka.
Nilisema, "Tazama hapa."
Mwenye macho haambiwi tazama,
nami nilimwambia, nikamwambia, mpaka neno likachujuka.

Na macho yalikuwa mazima! Nesi alimsimamisha kwenye utepe sakafuni,
mita sita kutoka kwenye chati,
akazisoma herufi zote hadi zile ndogo kama sisimizi.
"Macho ya mwewe," nesi akasema, akagonga muhuri.
Hatukujiuliza, yeye wala mimi,
ni mtoto gani asomaye kitabu kilicho mita sita.

Mama yake, Nolfa, huuza samaki sokoni kando ya mto,
pale simba-bahari wanapokoroma wakingoja vichwa.
Nilimpelekea fomu asaini. Aliisoma kisu kikiwa mkononi.
"Akimimina chai hukosa kikombe," alisema.
"Hiyo nayo ni akili?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na fomu.

Kwa Bi Hube, juu ya duka la viatu, nilikwenda
kwa sababu Nolfa alitaka shahidi.
Hakuwasha mashine yoyote. Alichukua kalamu,
akaileta taratibu kuelekea pua ya mtoto.
Macho mawili yakaifuata kama maksai wa nira moja,
yakaja, yakaja,
na ilipobaki shubiri
la kushoto likaiachia nira, likaenda zake kando, malishoni.

"Unaona kalamu ngapi?"
"Mbili."
"Na kitabuni?"
"Maneno hupandana. Halafu huogelea."
"Mbona hukusema?"
Amaro akamtazama mama, akanitazama mimi,
mmoja baada ya mwingine, kwa upole, kama anayetuonea huruma:
"Kwani nyinyi mnaona ngapi?"

Wapo ambao upepo umo kichwani kweli, sibishi.
Anaís wa dawati la nyuma, kidonge kimempa asubuhi nzima
ambayo hakuwahi kuwa nayo.
Lakini fomu ile ile iliwabeba wote wawili
na mkono uliotia alama ni huu.

Sasa kuna uzi kwenye kitasa cha mlango wa darasa,
shanga tatu: nyekundu, njano, kijani.
Amaro hushika ncha puani, dakika kumi kabla ya kengele,
huyaita macho yake kwenye shanga moja, kisha nyingine.
Hulalamika. Kichwa humuuma. Alhamisi aliukata uzi kwa mkasi
nikafunga mwingine, sikusema kitu.
Wiki ya tisa alisoma ukurasa mzima kwa kidole,
polepole, kwa sauti ya hasira,
na bado hatulii kitini. Ana miaka minane.

Usiku, peke yangu na jiko linalozimika,
nililivuta karatasi langu la wino wa kijani hadi likagusa pua,
nikalegeza macho.
Visanduku vikawa thelathini na sita.
Nikajaribu kusoma jina lake
na sikuweza kutulia.